Pipa na Bapa: Xeon ya 2013 Mbele ya M1

Tarehe 10 Septemba 2013 jimbo la California lilitoa chipu mbili kwa siku moja. San Francisco, Intel ilizindua familia ya Xeon E5-2600 v2, prosesa za seva na za kompyuta za mezani za kazi nzito. Juu kabisa ya orodha ilikaa E5-2697 v2: viini 12, nyuzi 24, dola 2,614 kwa chipu peke yake, kabla ya kununua hata skrubu ya kuifungia. Kusini kidogo, Cupertino, Apple ilionyesha iPhone 5s, simu ya kwanza duniani yenye prosesa ya biti 64, chipu ndogo iitwayo A7. Hakuna aliyeziweka hizo mbili kwenye mizani moja. Lori hushindanishwa na lori, baiskeli na baiskeli.

Miaka saba ikapita. Novemba 2020 Apple ilitangaza M1, mzawa wa ukoo uleule wa A7, ikaitia ndani ya MacBook Air, kompyuta mpakato ya dola 999. Hapo baiskeli ikaja kusimama kando ya lori kwenye taa nyekundu, na taa ilipowaka kijani lori likaachwa.

Uzuri wa pambano hili ni kwamba wote wawili wamewahi kukaa nyumba moja, ya Apple. Xeon E5-2697 v2 ndiyo iliyokuwa chaguo la juu kabisa kwenye Mac Pro iliyoingia sokoni Desemba 2013, ile kompyuta nyeusi ya mviringo, kimo sentimita 25, uzito kilo tano, ambayo watani waliibatiza pipa la taka. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kugawa umeme cha wati 450. MacBook Air ya M1, ndiyo bapa letu, ina uzito wa kilo 1.29, haina feni hata moja, na chaja yake ni ya wati 30. Kwa miaka kadhaa pipa na bapa viliendesha mfumo endeshi uleule na programu zilezile, kwa hiyo anayelinganisha hahitaji kubishana kuhusu Windows na Mac.

Matokeo yenyewe ni mafupi kuyaeleza. Kazi ikigawanywa kwa nyuzi zote, katika majaribio ya dakika chache, mashine hizi mbili hukaribiana. Kwenye kazi kama ya kuchora picha za 3D Xeon bado husimama kifua mbele. Kazi ikiwa ya uzi mmoja, M1 huongoza kwa takriban mara mbili. Na M1 ina viini 8 tu, vinne vikubwa na vinne vidogo vya kubana matumizi, dhidi ya viini 12 vikubwa vya Xeon.

Kinachoshangaza zaidi hakimo katika idadi ya viini. Kimo katika kasi ya saa. Xeon hiyo, kiini kimoja kikiachiwa kikimbie peke yake, hufika gigahezi 3.5. Viini vikubwa vya M1 huishia gigahezi 3.2. Anayepiga hatua nyingi zaidi kwa sekunde ndiye anayefika nyuma. Muuzaji wa kompyuta aliyezoea kumuuliza mteja "unataka gigahezi ngapi?" hapa anapaswa kunyamaza kidogo.

Ili kuona kinachotokea, heri kutoka kwenye maabara na kwenda kwa mama ntilie saa saba mchana. Foleni ni ndefu, kila mteja na agizo lake, na sahani lazima zitoke dirishani kwa zamu ileile waliyokuja wateja. Mama wa kwanza husikiliza maagizo manne kwa mkupuo na anaweza kushika kichwani maagizo 168 yasiyokwisha. Wali ukiwa haujaiva, anaruka mbele kidogo kwenye foleni, anachota maharage ya huyu, anakaanga samaki wa yule, mradi tu hatoi sahani kabla ya zamu yake. Huyo ndiye Xeon ya 2013: visimbuzi vinne vya amri, na nafasi 168 za amri zinazosubiri kukamilishwa. Mama wa pili husikiliza maagizo manane kwa mkupuo, na kwa makadirio ya waliompima, anashika kichwani zaidi ya 600. Wali ukichelewa, macho yake yanafika mbali sana kwenye foleni, na huko karibu daima yataangukia chapati ya mtu ambayo inaweza kutayarishwa sasa hivi. Mikono yake haina kasi kuliko ya mwenzake. Ila haikai bure.

Kisha kuna kabati la jikoni. Prosesa haiwezi kwenda hadi kwenye RAM kila inapotaka namba. Huko ni sawa na kutoka jikoni hadi sokoni. Huweka vitu vya karibu kwenye kumbukumbu ndogo iliyo mlangoni pa kila kiini. Kila kiini cha Xeon kina kabati la kilobaiti 32 za amri na 32 za data. Kiini kikubwa cha M1 kina kilobaiti 192 za amri na 128 za data, mara tano ya yale ya zamani ukijumlisha. Xeon hulipa pengo hilo kwa ghala la pamoja la megabaiti 30, na ghala hilo ni hazina kubwa kwa seva inayohudumia watu mia kwa wakati mmoja. Kwa mtu mmoja anayefungua kurasa na kuhariri picha, kabati la karibu lina faida kuliko ghala la mbali.

Wapo wanaodai siri yote ni lugha ya amri. Amri za x86, lugha ya Intel, zina urefu wa kati ya baiti 1 na 15, kwa hiyo kuzisoma kadhaa kwa pamoja kunahitaji kwanza kubahatisha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Amri za biti 64 za ARM, lugha ya M1, zote zina baiti 4. Kuzikata vipande vinane ni kazi ya kisu kimoja. Hoja hiyo ina ukweli, ila imetiwa chumvi mno. Mwaka 2021 Intel yenyewe, kwenye chipu za Alder Lake, ilipanua visimbuzi kutoka vinne hadi sita na nafasi za kusubiria hadi 512, kwa lugha ileile ya x86. Ukuta haukuwa wa sheria za maumbile. Mwaka 2013 Intel ilikuwa na viini 12 vya kulisha katika chipu moja, na kila milimita iliyopewa kiini kimoja ilizidishwa mara 12.

Na milimita zilikuwa ghali. E5-2697 v2 ilichongwa kwa teknolojia ya nanomita 22: transista bilioni 4.31 kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 541, karibu ukubwa wa stempu ya barua. M1 ilichongwa na TSMC ya Taiwan kwa nanomita 5, ingawa nanomita hizi siku hizi ni majina ya kibiashara kuliko vipimo vya rula. Bilioni 16 za transista zimekaa kwenye milimita za mraba zipatazo 120, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ukigawanya, Xeon ina transista milioni 8 hivi kwa kila milimita ya mraba na M1 zaidi ya milioni 130. Nyingi kati ya hizo bilioni 16 hata si za prosesa. Kuna grafiki humo, kuna kitengo cha kukimbiza mahesabu ya akili bandia, kuna saketi maalumu za kufungua na kubana video. Xeon haina grafiki kabisa. Bila kadi ya pembeni, skrini yake ni kioo cheusi.

Hilo la video lina uzito kuliko linavyoonekana. Mhariri anayekata picha za H.264 au HEVC kwenye Xeon hulazimisha viini vyote 12 kufanya kwa jasho kazi ambayo M1 huikabidhi kwa kona moja ndogo ya chipu iliyozaliwa kwa ajili hiyo tu. Ndiyo maana wahariri walikuwa kati ya watu wa mwanzo kuiacha mitambo yao mikubwa.

Viini 12 navyo vina mdai wake wa zamani. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa IBM, alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayopanga kikomo cha kasi. Kazi ambayo asilimia 90 yake inaweza kugawanywa, ikipewa viini 12, haiendi haraka mara 12. Inaenda mara 5.7. Ikiwa inayogawanyika ni nusu tu, viini vyote hivyo havifikishi hata mara mbili. Programu nyingi za ofisini ziko karibu na nusu hiyo kuliko asilimia 90, na mtu anayefungua jedwali kubwa la hesabu kwenye Xeon huwa amelipia wapishi 12 huku mmoja akipika na 11 wakitazama.

RAM ndipo heshima ya mashine ya kazi nzito ilipokuwa ikikaa. Xeon ina njia nne za DDR3-1866, jumla gigabaiti 59.7 kwa sekunde. Mwaka 2013 hakuna laptopu iliyoota kiwango hicho. M1, kwa RAM iliyobandikwa ubavuni mwa chipu, inafika gigabaiti 68, na kiini chake kimoja peke yake kinaweza kuvuta sehemu kubwa ya mkondo huo.

Hadi hapa pipa linaonekana limekufa. Halijafa.

M1 haikubali zaidi ya gigabaiti 16 za RAM, na zile alizonunua mtu siku ya kwanza ndizo atakazozikwa nazo, kwa sababu zimeunganishwa na chipu. HP Z820, mashine ya mezani inayopokea Xeon mbili za aina hii, ina nafasi 16 za RAM na hufika gigabaiti 512. Mwanafunzi wa mitandao anayetaka kuendesha kompyuta za kufikirika 20 ndani ya kompyuta moja, mtafiti mwenye data ya vinasaba isiyoingia kwenye gigabaiti 16, mchora ramani anayeunganisha maelfu ya picha za droni: hawa M1 ya msingi huwafikisha ukutani, na ukuta huo hauna mlango. RAM ya Xeon pia ni ya ECC, inayogundua na kusahihisha biti iliyogeuka yenyewe, jambo linaloweza kutokea mashine ikikesha wiki nzima ikipiga hesabu. Na kuna nafasi za kadi. Anayetaka kadi ya Nvidia kwa kazi zinazodai CUDA ataichomeka kwenye Z820 na kufunga kifuniko. Kwenye MacBook Air hana pa kuichomeka, na hata angepata, mfumo wake haungeitambua.

Kuna pia suala la pumzi. Bapa lisilo na feni hukimbia vizuri dakika za mwanzo, kisha likipata moto hupunguza mwendo ili lisiungue. Pipa na wenzake wenye feni hushika mwendo uleule hadi alfajiri. Majaribio mengi ya kasi huisha kabla bapa halijaanza kutoka jasho, na safu hii inashuku kwamba nusu ya ubishi kuhusu M1 ungeisha kama watu wangesoma jaribio lilichukua dakika ngapi.

Pipa lenyewe liliwahi kuwakaba waliolibuni. Mac Pro ya 2013 ilijengwa kuzunguka bomba moja la pembe tatu la kutolea joto, likigawiwa sawasawa kati ya prosesa moja na kadi mbili za grafiki. Soko likaenda upande mwingine, likataka kadi moja kubwa yenye moto mwingi, na bomba halikuweza. Aprili 2017 wakuu wa Apple waliwaita waandishi wachache, na mmoja wao, Craig Federighi, akakiri kwamba walijifungia wenyewe kwenye kona ya joto. Ni nadra kampuni ya aina hiyo kusema tumekosea. Hata hivyo waliendelea kuliuza pipa lilelile hadi Desemba 2019.

Joto ni umeme uliopotea njia, na umeme una bei. Xeon imepangiwa wati 130 kwa prosesa peke yake. Ongeza kadi ya grafiki, diski na feni, mashine nzima ikichapa kazi hupita wati 200 bila shida. Chukulia 200, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: uniti 41.6. Kwa bei ya Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 14,800 za Luku kila mwezi. Kompyuta mpakato inayokula wati 20 kwa saa hizohizo humaliza uniti 4 na ushee, shilingi 1,500 hivi. Tofauti ya mwaka ni karibu shilingi 160,000. Kwa nyumba iliyo kwenye daraja la D1, ambalo mteja hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, mashine moja kama hii hula zaidi ya nusu ya fungu kabla ya friji haijahesabiwa.

Na umeme ukikatika? Bapa lina betri ya wati-saa 49.9 na halishtuki. Pipa huzima palepale, na saa tatu za kazi isiyohifadhiwa huenda nalo, isipokuwa kama kuna UPS, na UPS ya kubeba wati 200 ni gharama nyingine juu ya gharama.

Ubahili huu wa umeme uko kwenye ukoo wa ARM tangu utotoni. Chipu ya kwanza kabisa ya jina hilo ilifika Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni ya Acorn, tarehe 26 Aprili 1985, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Furber alipopima umeme iliokuwa ikitumia, mita ilisoma sifuri. Ikagundulika kwamba ubao ulikuwa na hitilafu na njia ya umeme ya chipu haikuwa imeunganishwa kabisa. Chipu ilikuwa ikipiga kazi kwa makombo yaliyopenya kupitia pini nyingine. Apple ilipochukua lugha ya ARM na kubuni viini vyake yenyewe, hasa baada ya kuinunua kampuni ya P.A. Semi mwaka 2008, ilifanya hivyo kwa ajili ya simu, mahali ambapo kila wati ni dakika za betri. Walioanza na betri ndogo walijifunza kubana. Walioanza na soketi ya ukutani hawakuwa na haraka hiyo.

Umri nao unabisha hodi. Januari 2018 dosari za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, Microsoft ilisema wazi kwamba viraka vyake vingezipunguza kasi zaidi prosesa za kizazi cha Haswell na za kabla yake. E5-2697 v2 ni ya Ivy Bridge, kizazi kimoja nyuma ya Haswell. Haina amri za AVX2, ambazo baadhi ya programu mpya huzidai kabla ya kukubali hata kufunguka. Windows 11 haimo rasmi kwenye fungu lake, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kimbilio lililobaki ni Linux, ambako inaishi vizuri tu. Mac Pro ya 2013 iliishia macOS Monterey ya 2021. M1 nayo haina usafi wa malaika: mwaka 2024 watafiti walionyesha dosari waliyoiita GoFetch, inayotokana na namna chipu hiyo inavyobashiri data ya kuvuta, na mzizi wake umo kwenye silikoni.

Nini kinunuliwe, basi? Mitambo ya Xeon iliyostaafu katika ofisi za Ulaya na Marekani inaendelea kuingia Afrika Mashariki pamoja na kompyuta nyingine za mtumba, zile ambazo wafanyabiashara wa Nairobi huziita "ex-UK", na wauzaji huipigia debe kwa idadi ya viini. Kwa mwandishi, mhasibu, mwalimu, mhariri wa video fupi, au mtu yeyote ambaye umeme wake hauna uhakika, hukumu ya safu hii haina kigugumizi: achukue M1 iliyotumika, au kompyuta mpakato yenye prosesa kama Ryzen 7 5800U ya AMD, viini 8 vya wati 15, kama hapendi Apple. Viini 12 vya 2013 havitamfaa kitu.

Anayehitaji RAM ya gigabaiti 128 na zaidi, nafasi za kadi na kazi ya usiku kucha, na ambaye bajeti yake haifiki mashine mpya ya hadhi hiyo, bado ana sababu ya kutazama Z820 au ndugu yake Z620. Asiridhike na karatasi iliyobandikwa ubavuni. Amwombe muuzaji aiwashe, afungue ukurasa wa taarifa za mfumo ndani ya BIOS, asome mstari wa Boot Block Date. Ukionyesha 2011, E5-2697 v2 haitawaka humo hata BIOS ibadilishwe toleo mara kumi. Ukionyesha 2013, itawaka.